Sufuria Ndogo ya Jirani

Sufuria ndogo ya Jirani bado iko jikoni kwangu. Imetundikwa peke yake kwenye msumari karibu na dirisha, mbali na masufuria mengine, na wajukuu wangu wameshajifunza kutoigusa. Ni ya alumini, ina kibonyeo ubavuni ilichokipata kwenye harusi ya mdogo wangu, na tangu inunuliwe haijawahi kuonja nyama. Mama yangu aliinunua kwa ajili ya mtu mmoja tu. Mimi niliirithi pamoja na mwiko wake, na huyo mtu nikamrithi pia.

Mtaani kwetu Mtendeni walimwita Mzee wa Spea, kwa sababu ya duka lake la vipuri vya baiskeli. Nyumbani tulimwita Jirani, naye akatuita hivyo hivyo nyumba nzima, mkubwa kwa mdogo, hata mgeni akija hajui nani anaitwa na nani anaitika. Alikuwa Mhindi mwenye dini ya Kihindu, mzaliwa wa Tabora, na hakula nyama, samaki wala yai. Sisi ni Wanyamwezi Waislamu, na kwetu shughuli isiyo na nyama ni mkutano tu wa watu wenye njaa. Basi kila hitima, kila maulidi na kila harusi, kabla mbuzi hajafika jikoni, mama alibandika kwanza sufuria ya Jirani, akaiivisha, akaifunika na kuiweka juu ya kabati.

"Atakayeingiza mwiko wa pilau humu," alisema, "nitamkata mkono, halafu nitamwombea dua."

Watu walicheka, lakini hakuna aliyejaribu. Na Jirani alipofika alivua viatu, akakaa kwenye mkeka, akafunua na kula. Hakuuliza kilichotiwa. Kwenye nyumba nyingine za mtaa alipokea ndizi au soda, akashukuru, akaishia hapo. Kwetu alikula mpaka akaramba vidole. Mama aliiona hiyo kuwa heshima kubwa kuliko zote alizowahi kupewa, na alikuwa mwanamke aliyependa heshima.

Nasema hivi huku nikijua kwamba mama, Mungu amrehemu, alikuwa mwongo hodari wa mambo madogo. Baba alipopata presha, mama alimpunguzia chumvi kidogo kidogo bila kumwambia, na baba alipolalamika aliapa kwamba chumvi ni ile ile, ulimi wake ndio umezeeka. Jirani aliijua siri hiyo na ilimfurahisha sana. Alikuja barazani, akamtazama baba akila, akasema, "Leo chumvi imekolea, Jirani, au siyo?" Mama alimkata jicho hilo! Lakini sufuria ile ilikuwa nje ya uongo wake wote, na Jirani alilijua hilo pia.

Ingawa aliuza baiskeli vipande vipande maisha yake yote, hakujua kupanda baiskeli. Ujanani alijaribu mara moja, akaanguka mbele ya wasichana waliokuwa wakitoka shule, akaapa kwamba miguu yake miwili inamtosha. Hata kuziba tyubu hakuweza. Ukimpelekea tairi lililotoboka alikuuzia kiraka na gundi, akakuelekeza kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, kisha akasimama mlangoni kumkosoa fundi. Wakulima wa tumbaku kutoka Usoke na warina asali walimjia kununua minyororo na spoki. Walimwamkia "Mwangaluka" naye akajibu kwa Kinyamwezi kisichokwaruza, akawauliza habari za mashamba. Baada ya hapo alianza kuwagombeza.

Aliwagombeza juu ya chakula. Ukitaka goroli, kwanza ujibu umekula nini asubuhi. Ukisema chapati, alikuuliza zimekaangwa kwa mafuta kiasi gani. Siku moja kijana mmoja alikaa kwenye baraza ya duka na sahani ya chipsi mayai. Jirani akatoka, akasimama juu yake na mikono nyuma.

"Wewe kijana, unajua unakula nini?"

"Chipsi, mzee. Karibu."

"Unakula jeneza lako. Unalitafuna kidogo kidogo."

Kijana akahama na sahani yake. Jirani akarudi ndani ameridhika, kwa sababu kwake mtu akihama ni kwamba ameelewa. Hakuweza kuua hata mende, alimsindikiza nje kwa kipande cha karatasi, lakini ulimi wake uliacha majeruhi mtaa mzima. Nilikuwa mmoja wao. Aliniambia mbele ya wageni kwamba nikiendelea na maandazi nitahitaji mlango mpana, na mpaka leo nikishika andazi nasikia sauti yake.

Alfajiri alitembea. Alishika ile njia ya zamani ya misafara, akaelekea upande wa Kwihara, na jua lilipochomoza alikuwa anarudi, shati limelowa, akiwasalimu wenye kufagia nyua. Alikuwa na nadharia yake kuhusu njia hiyo, na alitutolea kila alipopata nafasi. "Wapagazi wa hapa," alisema, "walitoka Unyanyembe mpaka pwani na pembe ya tembo begani. Walikula nini? Ugali, karanga, majani. Nani kati yao alikufa kwa moyo?"

"Walikufa kwa ndui na njaa," mama alimjibu, "moyo haukupata nafasi."

"Jirani, wewe huna sayansi."

"Sina. Nina akili."

Aliipenda sana hiyo. Aliirudia dukani kwake kana kwamba yeye ndiye aliyeshinda.

Mkewe, ambaye tulimwita Bi Jirani, alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Mnene, mcheshi, mvivu wa kutembea, na mkono wake kwenye samli ulikuwa mwepesi. Alisema kutembea bila kwenda mahali ni kazi ya mbwa. Asubuhi aliletewa maziwa na mama mmoja wa Kisukuma, akayachemsha na kuyagandisha, na kila mchana alipika mchuzi wa mtindi. Aliupiga mtindi pamoja na unga wa dengu na binzari mpaka ukawa laini, akauchemsha polepole, na mwishoni akaumwagia haradali zilizokuwa zikirukaruka kwenye samli ya moto. Harufu yake ilifika kwetu. Alimfundisha mama, mama akanifundisha mimi, na ndicho kilichokuwa chakula cha ile sufuria ndogo kwa miaka mingi, pamoja na wali na mboga za majani.

Jirani aliukuta mchuzi huo mezani kila mchana, na kila mchana aliulalamikia. Ukuta kati yetu ni mwembamba, tulisikia yote.

"Utaniua wewe mwanamke, na samli yako."

"Kula kwanza. Utakufa umeshiba."

Akala. Akaongeza. Kisha akaenda dukani kuwafundisha watu kuacha mafuta.

Bi Jirani alifariki mchana, ameketi jikoni kwake akimenya njegere. Wakasema moyo. Mama yangu alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo mimi ndiye niliyekwenda kukaa na wanawake wao, na sikujua pa kuweka mikono, maana msiba usio na kupika pilau sikuwa nimeuzoea. Siku chache baadaye nilimwona Jirani uani kwake. Alikuwa ametoa nje mtungi wa samli, vyungu vya mtindi, na hata birika la kuchemshia maziwa. Samli na mtindi alivimwaga kwenye mtaro mpaka mtaro ukawa mweupe. Paka wa mtaa walikuja. Yeye alisimama akiwatazama, na nadhani alitaka wale haraka ili viishe.

Jioni alikuja kwenye mlango wa jiko langu. Hakuwahi kufika mlango huo, alikuwa mtu wa barazani.

"Jirani," aliniambia, "ile sufuria. Kuanzia leo, hata maziwa. Hata mtindi. Samli hata kunusa. Kitu chochote cha ng'ombe, usinitilie."

"Na mchuzi wa Bi Jirani?"

"Huo ndio uliomuua."

Sikubishana naye. Unabishana vipi na mtu aliyetoka kumzika mwenzake, au kumchoma, kwa mila yao? Nikasema sawa. Na sawa yangu kwa sufuria ile ilikuwa sawa ya mama. Nilianza kupika wali na choroko kwa mafuta ya alizeti, tone moja. Baadaye akaongeza sharti jingine. Alikuwa amesikia kwamba mchicha na mnafu vinavyolimwa kando ya mashamba ya tumbaku vinapata dawa za kuulia wadudu, akataka majani yake yachemshwe, maji yamwagwe, yachemshwe tena na magadi, na maji hayo nayo yamwagwe. Nilifanya. Majani yalitoka hayana rangi wala ladha, na yeye aliyala akisema, "Hivi ndivyo."

Mwenyewe nyumbani kwake alikula hivyo hivyo, na chai ya rangi. Ikapita miaka. Akakonda, lakini ule wembamba wa kupendeza, suruali inakaa vizuri, mgongo umenyooka. Mtaa mzima tukamhusudu. Wanawake wenzangu walisema, mtazame Jirani, umri wote ule na anatembea mpaka Kwihara, sisi tunahema kwa kupanda ngazi za posta. Nikapunguza mafuta kwangu pia. Alipopima presha, ilikuwa nzuri. Alipopima sukari, nzuri. Alipopima lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, majibu yalitoka mazuri hata akaichukua karatasi akapita nayo duka kwa duka, kama mtoto aliyefaulu. Kwa muuza nguo. Kwa Mwarabu wa tende. Kwa yule fundi wa tairi, ambaye hakuwa na haja nayo kabisa.

"Mnaona? Moyo wa kijana."

Ingekuwa vizuri tungeishia hapo. Mimi ningekuwa na mtu wa kunitania mpaka sasa.

Dalili zilikuwepo, ila hazikuwa dalili za moyo tulizozijua sisi. Miguu ilianza kufa ganzi. Akasema ni viatu, akanunua vingine. Hapa Tabora mguu ukifa ganzi watu wote tunasema sukari, na sukari alikuwa ameshapima, basi neno likaisha. Ulimi ukawa mwekundu na kumuuma, akaacha pilipili, mtu aliyekuwa akila pilipili mbichi kama tango. Akaanza kusahau majina ya vipuri aliyoyataja maisha yake yote, akawa anaonyesha kwa kidole. Tukasema uzee. Uzee ni kapu kubwa, tunatupia humo kila tusichotaka kukiuliza.

Siku ilipomfika, nilikuwa dukani kwake nimefuata breki za baiskeli ya mwanangu. Alimwambia mteja mmoja asubiri kidogo, akaketi juu ya boksi la minyororo. Uso ulikuwa unamtoka jasho na asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Gesi tu, Jirani," aliniambia. "Choroko za jana."

"Gesi haipaki jasho usoni. Inuka twende."

"Nani atafunga duka?"

Mteja alifunga duka, mimi nikampakia kwenye bajaji mpaka hospitali ya Kitete. Walimshughulikia kwa haraka, Mungu awalipe, na alipopata nafuu binti yake akaja kutoka Dar es Salaam akamchukua kwenda kwa daktari bingwa wa moyo. Njia nzima ya Kitete alishika mkono wangu akirudia jambo moja tu. "Lakini mimi sili mafuta. Waambie, mimi sili mafuta." Kana kwamba kulikuwa na mahali pa kwenda kulalamika.

Alirudi baada ya kukaa huko kitambo. Mabega yalikuwa yameshuka, na kutoka kitandani mpaka barazani alipumzika njiani. Moyo, alisema, umechanika kidogo na haushoneki. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliye chumba kingine. Kisha akanieleza aliyoambiwa, polepole, kwa lugha yake ya dukani.

Daktari wa Dar alitazama karatasi za lehemu akazisifu. Halafu akautazama ulimi, akaigonga miguu, akauliza juu ya ganzi. Akaagiza kipimo ambacho Jirani hakuwahi kukisikia, cha kitu kiitwacho homosisteini. Kimo kwenye damu ya kila mtu. Mwili unakitengeneza wenyewe unapotumia chakula, na mwili wenyewe unakiondoa, lakini ili ukiondoe unahitaji vitamini, na kubwa kati yake ni mbili. Moja iko kwenye majani mabichi, na inapotea ukiyachemsha mno na kumwaga maji. Nyingine, waiitayo B12, haimo kwenye majani kabisa. Iko kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Vitamini hizo zikikosekana, kitu kile kinarundikana. Chake kilikuwa kimerundikana kupita kiasi.

"Rimu ikipinda kidogo," alisema, "baiskeli inakwenda. Huoni kitu. Lakini kila mzunguko inakwaruza breki. Inakwaruza, inakwaruza. Ndivyo kilivyofanya kwenye mishipa yangu. Daktari amesema labda ndivyo. Hakuapa."

"Na dawa?"

"Dawa rahisi mno. Sindano nyekundu na vidonge. Kimeshashuka, nimepima tena. Nikamuuliza, basi nimepona? Akasema, mzee, kukishusha tumekishusha, ila hakuna anayeweza kukuahidi kwamba moyo utakubali samahani. Wako watu wanacho kingi wakafika uzee wa kutisha. Wako walioshushiwa, na moyo ukawashinda."

Mwendesha baiskeli alipita na mnyororo mkavu ukilia, na kwa mara ya kwanza Jirani hakumpigia kelele atie oili.

"Akaniuliza zamani nilikula nini. Nikamwambia, nilikula mtindi kila siku, mke wangu alinilazimisha. Akaandika, akatikisa kichwa. Akasema, 'Mzee, kumbe dawa ulikuwa unapewa mezani.'" Jirani alitazama mikono yake. "Kila siku nilimwambia ataniua. Kila siku, Jirani. Hakuna mchana niliosahau."

Nilimwambia Bi Jirani alijua anataniwa. Akasema hapana, hakuwa anatania. Majuto ni mjukuu, ndivyo tunavyosema, na mjukuu huyu alikuwa ameshakaa kwenye magoti yake.

Nilienda nyumbani nikatuma mtu akatafute maziwa. Yule mama wa Kisukuma alikuwa amekwisha kuhama, tukapata kwa mwingine. Niliyagandisha kwenye kibuyu cha mama. Mtindi ulipokuwa tayari nikaishusha sufuria ndogo, nikaupiga na unga wa dengu na binzari, nikauchemsha polepole bila kuuacha, maana ukiuacha unakatika. Mwishoni nikatia haradali kwenye samli, kidogo tu, zikaruka. Mnafu nao niliuchovya kwenye maji ya moto na kuutoa ungali wa kijani. Nilikuwa nalia na nilikuwa na hasira, na sikujua hasira hiyo nimpe nani. Hakuna aliyekosa. Yeye alikimbia kitu alichoamini kimemuua mkewe, mimi nikaheshimu neno la jirani yangu, na tukafanya yote hayo kwa mapenzi.

Nilipofika barazani kwake na sufuria, harufu ilikuwa imenitangulia. Alikuwa ameketi wima, amefumba macho, pua juu. Nikaitua sufuria mkekani, nikamwekea bakuli. Kwa kawaida yake hakuuliza kilichomo. Alikula kijiko kimoja, akakaa nacho mdomoni kwa muda mrefu kabla ya kumeza.

"Wake ulikuwa na chumvi zaidi," alisema.

"Ulimi wako umezeeka."

Akacheka, kicheko kikamletea kikohozi, nikamshikia bakuli mpaka kikapita. Alipotulia alinitazama kama mtu anayetaka kukopa.

"Binti yangu." Hakuwahi kuniita hivyo, na mimi nina wajukuu. "Mama yako alimdanganya baba yako chumvi mpaka baba yako akafa mzee. Nataka kukuuliza, na unijibu kweli. Miaka yote hii, niliyokukataza. Hukuwahi kunitilia? Hata kijiko cha mtindi, ukanyamaza?"

Nikaelewa anachotumaini, kwamba kuna aliyempa ile dawa kwa siri. Laiti ningekuwa na uongo huo wa kumpa, na labda ningeweza kumpa pale pale, nani angejua. Lakini sufuria ilikuwa kati yetu pale mkekani.

"Hapana, Jirani."

"Hata tone?"

"Hata tone."

Akatikisa kichwa polepole, akakwangua bakuli mpaka likawa jeupe.

"Nilijua," alisema. "Ndiyo maana nilikula kwako." Kisha akalisukuma bakuli upande wangu. "Ongeza."